Jinsi ya kujua kama molekuli zako zitavutana au zitasukumana kwenye maji ya chumvi: mwongozo kamili na hesabu zake

Watu wengi protini ikiwaganda kwenye tyubu, au kolamu (lile bomba la kutenganishia protini) ikigoma kushika kitu, au DNA ikikataa kushuka, wanaanza kulaumu dawa zimeisha muda, mara friji, mara umeme ulikatika usiku, wakati kitu cha kwanza cha kuangalia hakijaguswa kabisa, nacho ni chumvi. Na sio ile chumvi uliyoongeza kwa mkono wako tu, nasema chumvi yote iliyomo mle ndani, ya bafa (ile solusheni inayoshikilia pH isihame), ya asidi uliyorekebishia pH, na ile iliyokuja na sampuli yenyewe.

Hapa nitaenda hatua kwa hatua. Unahitaji namba tatu tu: chaji ya molekuli yako, nguvu ya ayoni ya solusheni (kipimo cha chembe zote zenye chaji zilizoyeyuka mle, ndo ayoni hizo), na urefu wa Debye (umbali ambao chaji inasikika kabla chumvi haijaificha). Kalikuleta ya simu inatosha, ila iwe na kipeuo cha pili na ile e.

Kwanza picha ya kichwani. Protini, DNA, gundi za miti, hizi zote ni molekuli kubwa zenye chaji nyingi juu yake. Zikiwa kwenye maji, ayoni ndogo zenye chaji tofauti zinazivamia na kuzizunguka kama wingu, wingu hilo linaficha chaji, na chumvi ikiongezeka wingu linakuwa jembamba zaidi na linabana karibu zaidi na molekuli. Ni kama kuongea na mtu: ufukweni alfajiri mnasikilizana mko mbali kabisa, Kariakoo saa kumi jioni mpaka umsogelee sikioni. Molekuli zako kwenye chumvi nyingi ziko Kariakoo. Mahesabu ya hilo wingu waliyatoa Peter Debye na Erich Hückel mwaka 1923, na mpaka leo ndo tunayotumia.

Hatua ya 1: pata chaji ya molekuli yako

Kwa protini, chaji inategemea pH. Kila protini ina pH yake ambayo chaji chanya na hasi zinalingana na jumla inakuwa sifuri, wenyewe wanaiita pI. pH yako ikiwa chini ya pI protini inakuwa chanya, ikiwa juu inakuwa hasi. Maziwa yanaganda kuwa mtindi kwa sababu hiyohiyo, bakteria wanatengeneza asidi, pH inashuka kuelekea 4.6 ambayo ndo pI ya kaseini, kaseini inapoteza chaji iliyokuwa inazifanya zisukumane, zinashikana.

Sasa tuhesabu moja kwa mkono. Chukua lisozimu ya ute wa yai la kuku, maana ni ndogo na inajulikana kila kona ya dunia. Ingia UniProt (hifadhi ya protini mtandaoni), tafuta P00698, utaona ina asidi amino 147. Usihesabu zote! Zile 18 za mwanzo ni kipande cha kuielekeza protini njia ya kutokea nje ya seli, zinakatwa, protini yenyewe ina 129. Wengi wanateleza hapa kwa sababu programu haikukumbushi, inahesabu ulichobandika. Ukishakata, hesabu zenye chaji: ajinini 11, lisini 6, hizo 17 ni chanya. Aspatiki 7 na glutamiki 2, hizo 9 ni hasi. Histidini ipo moja tu na kwenye pH 7 chaji yake ni kidogo, iache. Mwanzo wa mnyororo ni chanya, mwisho ni hasi, zinafutana. Basi 17 toa 9, lisozimu kwenye pH 7 ina chaji ya +8 hivi. pI yake iko karibu na 11 kwa hiyo inabaki chanya karibu kwenye kila bafa utakayotumia.

Albumini ya damu ya ng'ombe, BSA, ni kinyume chake. pI yake ni kama 4.7, kwenye pH 7 ina chaji hasi kumi na kitu.

DNA haikusumbui, kila jozi ya besi ina fosfeti mbili, yaani chaji hasi mbili, na ukizigawa kwenye urefu wake unapata chaji moja kila nanomita 0.17. Hiyo ni nyingi mno. Kumbuka hiyo 0.17, tutairudia.

Hatua ya 2: hesabu nguvu ya ayoni, na hesabu kila kitu

Hii ndo hatua yenyewe, ukiiharibu hii zilizobaki zote ni uongo. Fomula: chukua kila ayoni, zidisha ukolezi wake kwa chaji yake ukiipiga kipeo cha pili, jumlisha zote, gawa kwa mbili.

NaCl ya mola 0.1 inakupa 0.1, rahisi. Lakini MgCl₂ ya mola 0.1 inakupa 0.3, kwa sababu magnesiamu ina chaji 2 na kipeo cha pili chake ni 4. Sodiamu salfeti vilevile 0.3. Magnesiamu salfeti inafika 0.4. Kwa hiyo mtu anayekwambia "nimeweka chumvi milimola 100" hajakwambia kitu mpaka aseme chumvi gani.

Tufanye PBS ile ya kawaida (bafa ya fosfeti yenye chumvi): NaCl milimola 137, KCl 2.7, Na₂HPO₄ 10, KH₂PO₄ 1.8. NaCl inaleta 137, KCl inaleta 2.7, ile fosfeti yenye chaji mbili inaleta 30 (sio 10), ya mwisho 1.8. Jumla ni kama milimola 171, yaani mola 0.17. Mtu ana sampuli yake kwenye PBS, anaimwaga moja kwa moja juu ya kolamu ya kubadilishana ayoni, protini inapita moja kwa moja inatokea chini, alafu anaagiza resini (zile punje zenye chaji za ndani ya kolamu) nyingine. Resini haina kosa, umeileta protini ikiwa tayari imevikwa wingu.

Tris (bafa nyingine ya kawaida) ni kinyume chake, watu wanaihesabu kupita kiasi. Kwenye pH 8 ni kama nusu tu ya Tris ndo ina chaji, nusu nyingine haina, kwa hiyo Tris ya milimola 20 inakupa nguvu ya ayoni kama milimola 10. Na hapohapo kuna mtego mwingine: pH ya Tris inashuka kwa kama 0.028 kila joto likipanda digrii moja, kwa hiyo ukiirekebisha mezani ikiwa digrii 25 ikasoma 8.0 alafu ukaiingiza chumba cha baridi cha digrii 4, inakuwa karibu 8.6 na hujagusa kitu. Chaji ya protini nayo imehama.

Vingine vinavyosahaulika: EDTA (dawa ya kukamata metali), imidazoli uliyotolea protini kwenye kolamu ya nikeli, asidi na soda uliyomimina kwa jicho mpaka pH ikakaa. Na guanidini hidrokloraidi ni chumvi kabisa, yurea sio chumvi, wanaozibadilisha hizi mbili wakidhani ni ndugu wanashangaa kwa nini matokeo hayafanani.

Kama huamini hesabu zako pima kondaktiviti. Usafishe ile mita kwanza na uiseti kwa KCl ya mola 0.01, ambayo kwenye digrii 25 lazima isome mikrosimensi 1413 kwa sentimita. Sampuli yako ikisoma mara kumi ya hapo wakati karatasi inasema milimola 20, karatasi inadanganya.

Hatua ya 3: urefu wa Debye

Hii ni rahisi kuliko zote. Chukua 0.304, gawa kwa kipeuo cha pili cha nguvu ya ayoni (kwa mola, sio milimola!), jibu linatoka kwa nanomita. Huo ndo umbali ambao chaji inaanza kufifia, ukienda mbali mara tatu hivi ya hapo molekuli mbili karibu hazijuani.

Mola 0.001 inakupa nanomita 9.6. Mola 0.01 inakupa 3. Mola 0.15, ambayo ni kama mwilini, inakupa 0.78. Maji ya bahari yana nguvu ya ayoni kama 0.7 na urefu wake ni 0.36 tu. Ukitaka kushangaa weka maji matupu ya pH 7, utapata karibu mikromita nzima, ingawa kiuhalisia maji yakikaa wazi yananyonya kabonidayoksaidi ya hewani na huo urefu unapungua.

Linganisha hizo na ukubwa wa protini. Lisozimu ina nusu kipenyo kama nanomita 1.7. Kwenye milimola 1 wingu lake ni kubwa kuliko yenyewe mara kadhaa, kwenye chumvi ya mwilini ni ngozi nyembamba tu.

Joto lisikupe presha hapa, urefu wa Debye karibu haubadiliki kutoka digrii 25 kwenda 4, maana maji yakipoa uwezo wake wa kudhoofisha umeme unaongezeka karibu kwa kiasi kilekile joto lilivyopungua. Kinachobadilika ni pH, nimeshasema.

Hatua ya 4: hesabu nguvu ya kusukumana

Hapa ndo watu wanaogopa, hakuna cha kuogopa. Chukua molekuli mbili kama mipira, kila mmoja na nusu kipenyo a, chaji z1 na z2, umbali kati ya vitovu r, nafasi iliyobaki kati ya nyuso zao d, na urefu wa Debye tuuite L. Nishati yake ukiilinganisha na nishati ya joto (kT) ni:

U/kT = z1 × z2 × 0.71 × e^(−d/L) ÷ [ r × (1 + a/L)² ]

Hiyo 0.71 ni urefu wa Bjerrum kwa nanomita, yaani umbali ambao chaji mbili moja-moja kwenye maji zinakuwa na nishati sawa na kT moja. Jibu likiwa chanya zinasukumana, likiwa hasi zinavutana. Likiwa chini ya 1 usilihangaikie sana, joto lenyewe linazichanganya molekuli kwa nguvu kuliko hapo.

Weka lisozimu mbili, chaji +8 kila moja, nusu kipenyo 1.7, nyuso ziachane nanomita 1, kwa hiyo r ni 4.4. Kwenye mola 0.001 unapata 6.7. Kwenye mola 0.01 unapata 3.1. Kwenye mola 0.15 unapata 0.29. Umeona? Protini ni ileile, pH ni ileile, chaji ni ileile +8, lakini kwenye chumvi ya mwilini zikiwa nanomita moja tu hazisukumani kitu cha maana. Ndo maana protini ambayo ilitulia vizuri kwenye bafa nyepesi inaweza kuganda ukiiongezea chumvi, umeiondolea kinga, na ile mivutano mingine ya karibu karibu (mafuta kwa mafuta, na van der Waals, ule mvuto mdogo ulio kati ya molekuli zote) inashika usukani.

Na inaenda pande zote mbili. Ukiwa na molekuli chanya na hasi pamoja, chumvi inazitenganisha badala ya kuzigandisha. Ndani ya ute wa yai lisozimu chanya inaishi pamoja na ovalbumini ambayo ni hasi, ukiondoa chumvi yote kwa dayalisisi (mfuko unaopitisha chumvi na kubakiza protini) usishangae solusheni ikapiga ukungu. Kwa hiyo jibu la "niongeze chumvi au nipunguze?" haliko kwenye chumvi, liko hatua ya 1.

Hatua ya 5: ione kwa macho

Kabla hujaitumia kwenye sampuli ya gharama, fanya hii. Inahitaji jelatini, gamu arabiki, siki na chumvi. Gamu arabiki ni gundi ya mgunga, Sudan ndo mzalishaji mkubwa duniani, na kaskazini mwa Kenya pia inavunwa. Chaji yake ni hasi. Jelatini inategemea: ile iliyotengenezwa kwa asidi, mara nyingi ya nguruwe, pI yake ni kama 7 mpaka 9, ile ya alkali, mara nyingi ya ng'ombe, ni kama 5. Kwa hiyo na wewe unayetumia ya halali, ile ya ng'ombe, inafanya kazi, ila dirisha lako la pH ni jembamba, lazima ushuke chini ya 5 ndo igeuke chanya.

Loweka gramu 2 za jelatini kwenye mililita 100 za maji ya baridi mpaka ivimbe, alafu pasha mpaka digrii 40 hivi ikayeyuka. Gramu 2 za gamu arabiki nazo kwenye mililita 100 za maji ya vuguvugu, chuja uchafu kwa kitambaa. Changanya sawa kwa sawa kwenye beseni la maji ya digrii 40, na usiache ipoe, ikipoa jelatini inaganda yenyewe na hutajua unaangalia nini.

Dondosha siki tone kwa tone huku unakoroga. Kwa muda hakuna kitu, alafu ghafla, ukikaribia pH 4 na nusu kushuka kuelekea 4, inageuka nyeupe kama maziwa. Sio kuganda huko. Weka tone chini ya hadubini utaona vidonge vya duara vya majimaji vinavyogusana na kuungana, jelatini iliyogeuka chanya imekamatana na gundi hasi, zikatengana na maji mengine kama tabaka lake. Bungenberg de Jong na Kruyt waliipa jina la koasavesheni mwaka 1929, na miaka ya 1950 ndo ikatumika kutengeneza vijifuko vya wino vya karatasi za kunakili zisizohitaji kaboni.

Sasa gawa kwenye tyubu mililita 10 kila moja. Tengeneza NaCl ya mola 1 (gramu 5.85, jaza maji mpaka mililita 100) na uongeze kwenye tyubu: moja usiweke, nyingine mililita 0.1, nyingine 0.5, nyingine 1, nyingine 2. Hizo zinakupa takriban milimola 10, 48, 91 na 167. Muhimu: kwenye tyubu nyingine weka maji matupu ya ujazo uleule, la sivyo mtu atakwambia umezimua tu. Kadri chumvi inavyopanda ule weupe unapotea na maji yanarudi kuwa angavu. Rudia na chumvi ya Epsom ya mola 1 (gramu 24.65, jaza mpaka mililita 100), weupe utaondoka mapema zaidi kwa ujazo uleule, na hapo umeiona ile hesabu ya 0.1 na 0.4 kwa macho yako. Chumvi ya dukani inafaa ila mara nyingine ina dawa ya kuzuia isigande ambayo inaacha ukungu, tafuta safi ukiweza.

Na usidhani zinashikana kwa sababu chanya inapenda hasi basi. Sehemu kubwa ya faida inatokana na zile ayoni ndogo zilizokuwa zimebanwa kwenye wingu, molekuli kubwa zikikamatana ayoni zinaachiwa huru kwenye maji. Ukishajaza chumvi nje, kuachiwa huru hakuna faida tena, ndo maana koasaveti inavunjika.

Hatua ya 6: peleka kwenye kazi yako

Kolamu: weka pH angalau yuniti moja mbali na pI. Protini hasi inaenda kwenye resini chanya (DEAE au Q), protini chanya inaenda kwenye resini hasi (CM au SP). Pakia kwenye chumvi ya chini, toa kwa kupandisha NaCl polepole kuelekea mola 1. Sampuli ikiwa na milimola 150, izimue mara tano kwa bafa isiyo na chumvi inakuwa 30, na kwa protini nyingi hiyo inatosha kuliko kusubiri dayalisisi usiku kucha.

DNA kwa pombe: sodiamu asiteti ya mola 0.3 alafu ethanoli ujazo mara mbili au mbili na nusu. Pombe inapunguza uwezo wa maji wa kudhoofisha umeme (maji ni kama 78, ethanoli tupu kama 24), sodiamu inaikamata fosfeti kwa nguvu zaidi, DNA inakosa chaji ya kusukumana inashuka. Ukisahau chumvi, pombe peke yake inakuacha unaangalia tyubu tupu.

Hatua ya 7: jua fomula inapokudanganya

Kwa DNA usitumie ile chaji ya karatasini. Gerald Manning alionyesha mwaka 1969 kwamba mnyororo wenye chaji zilizobanana kuliko urefu wa Bjerrum unavuta ayoni mpaka zinaukalia kabisa. Gawa 0.71 kwa ile 0.17, unapata 4.2, na sehemu iliyofutwa ni 1 toa 1/4.2, yaani 76% kwa sodiamu. Kwa magnesiamu ni 1 toa 1/8.4, 88%. Kwa spemidini (molekuli ndogo ya kwenye seli) yenye chaji tatu, 92%. Na DNA kwenye maji inajikunja kuwa donge ikifutwa kama 90%. Ndo maana spemidini kidogo tu inaiangusha wakati magnesiamu kwenye maji matupu haifiki, imekosa kidogo sana.

Protini nazo sio mipira. BSA inaweza kushikana na polima hasi hata ikiwa yenyewe hasi kwa jumla, kwa sababu ina sehemu moja ya uso iliyojaa chanya na hiyo ndo inayogusa. Hesabu ya jumla haitakuonyesha hilo, angalia umbo lake.

Na chumvi ikizidi kama mola 0.1 fomula inaanza kuyumba, ikifika mola kadhaa sahau. Kwenye NaCl ya mola 3 inakwambia urefu wa Debye ni 0.18, mdogo kuliko molekuli moja ya maji, hiyo haina maana. Huko kinachotawala ni aina ya ayoni, kitu alichokiona Franz Hofmeister kwenye protini za mayai mwaka 1888: salfeti inaiangusha protini, thayosayaneti inaiyeyusha, na nguvu ya ayoni ikilingana. Kwa hiyo ukitaka kushusha protini kwa amonia salfeti usihesabu, panga tyubu kutoka 20% ya kiwango cha juu kabisa cha chumvi hiyo kinachoweza kuyeyuka mpaka 80%, ruka kumi kumi, acha kwenye barafu, zungusha kwenye sentrifuji, upime kilichobaki juu na kilichoshuka chini kwenye kila tyubu.